Chuo Chenye Harufu ya Oili

Binti wa fundi friji alikuwa akiitwa Bisibisi hata na walimu wake, na jina hilo hakulichagua. Alipokuwa bado ananyonya kidole aliifungua redio ya bibi yake, akaitoa matumbo yote, akayapanga juu ya mkeka kwa ukubwa, makubwa huku, madogo kule. Bibi alilia kama aliyefiwa. Baba mtu alipiga magoti akautazama ule mpangilio, akatikisa kichwa kwa furaha, kisha akairudisha redio yeye mwenyewe huku mtoto akimshikia tochi.

Kosa lilianzia hapo. Tangu siku ile mpaka anamaliza kidato cha mwisho, Bisibisi alishika tochi.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Friji zilisimama ukutani milango wazi, kama watu walioambiwa watoe ulimi. Katikati palikuwa na kigoda cha baba, na nyuma ya kigoda palikuwa na Bisibisi. Mtaani baba alijulikana kama Fundi Baridi, lakini akiwa kazini hakuwa na baridi hata kidogo.

"Mulika hapa. Hapa! Unanimulika mimi, mimi ni friji?"

"Baba, naona lile bomba linavuja pale kwenye kona."

"Macho yako yaache kwenye tochi."

"Niachie nichomelee mimi leo. Moja tu."

"Moto hauchezewi. Utachomelea ukiwa injinia."

Alisema hivyo kila alipobanwa, na alidhani ni njia nzuri ya kumaliza mazungumzo. Hakujua kwamba binti yake alikuwa anaichukua kauli ile kama ahadi. Matokeo ya mtihani yalipotoka, ya fizikia yakiwa mazuri, ya hesabu mazuri, na ya kemia yale ya kuficha chini ya godoro, Bisibisi alitangaza kwamba anaomba uhandisi wa mitambo. Hakuulizia majengo wala mabweni. Alikuwa na sharti moja: chuo ambacho mwanafunzi anashika mashine kwa mikono yake. Kulikuwa na binti wa jirani aliyemaliza shahada nzima ya uhandisi, akajua kuichora kompresa kwa macho yaliyofumbwa, na siku alipoingia karakana ya Fundi Baridi akauliza kile kitu cheusi cha mviringo ni nini. Ilikuwa kompresa. Bisibisi hakulala vizuri wiki ile.

Tatizo lilikuwa utaratibu wa maombi. Mfumo ulipokea vyuo vitatu tu, kwa mpangilio, na kila chuo kilijaza nafasi zake kwanza kwa wale waliokiweka cha kwanza. Ukianza na chuo kisichokutaka, jina lako likifika kwenye hivyo vingine linakuta viti vimekaliwa. Hapo unarudi nyumbani kungoja mwaka mwingine. Kwa watoto wengine mwaka wa kungoja ulikuwa wa kulala na kunenepa. Kwa Bisibisi ulikuwa mwaka mwingine wa tochi, na baada ya huo, alivyomjua baba yake, ungefuata mwingine.

Mshauri mkuu wa familia alikuwa mjomba, mdogo wake mama, ambaye kila mtu alimwita Injinia. Alisoma uhandisi mpaka katikati ya mwaka wa pili, kisha yeye na uhandisi wakatofautiana. Sasa aliuza magodoro. Lakini ndiye pekee katika ukoo aliyewahi kukaa kwenye ukumbi wa mihadhara, hata kama alikaa nyuma, kwa hiyo aliitwa, akaja, akaandaliwa chai.

"Kwanza kabisa," alisema akijivutia sahani ya mkate, "chuo ni jina. Ukienda kuomba kazi wanasoma jina la chuo, basi. Hakuna atakayekuuliza nati inafungwa upande gani."

"Wewe walikuuliza?" alisema mama, bila kuinua macho kwenye pasi. Alifanya kazi kwenye dobi la hospitali, na bado akirudi nyumbani alipiga pasi, eti kupumzika.

"Dada, mimi niliondoka kwa hiari."

"Uliondoka kwa hiari asubuhi ya mtihani."

"Tusirudi huko. Bisi, andika. Namba moja, Chuo Kikubwa. Kina lango la marumaru. Namba mbili, hiki hapa cha nyuma ya soko, cha akiba. Namba tatu, weka chochote."

"Kuna kile cha mwisho wa barabara," alisema Bisibisi. "Kule mbali, wana uhandisi wa mitambo."

Injinia aliweka kikombe chini. "Mpwa wangu, kile si chuo, ni adhabu. Watu wanapelekwa kule kama barua iliyokosewa anwani."

Fundi Baridi alikuwa akisugua kucha muda wote. Sasa akasimama. "Mimi sijawahi kununua friji kwa jina," alisema. "Naifungua, naisikiliza, naipangusa mgongoni kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka kina oili, mashine hiyo imefanya kazi, ina maisha. Kikitoka cheupe, hiyo ni pambo. Vyuo tutavikagua hivyo hivyo."

"Vyuo havina mgongo," alisema mama.

"Kila kitu kina mgongo."

Basi asubuhi moja baba na binti walifika kwenye lango la marumaru, baba akiwa na mfuko wenye tochi, mita ya umeme na kile kitambaa.

"Mnamtafuta nani?" aliuliza mlinzi.

"Tumekuja kukagua mashine."

"Mna barua?"

"Tuna mtoto," alisema Fundi Baridi, akamsogeza Bisibisi mbele kama kitambulisho.

Walipewa dada wa mapokezi mwenye viatu vya kugonga, akawapitisha kwenye korido ndefu yenye zulia. Fundi Baridi alisimama chini ya kiyoyozi, akatega sikio, akafumba macho, akatoa hukumu: "Hii imeisha gesi. Na kompresa yake iko njiani kufa."

"Imezimwa, mzee," alisema yule dada. "Tunabana umeme."

Bisibisi aliangalia zulia. Baba alikohoa, akasema hata hivyo, ikiwashwa, watakuja kumkumbuka.

Maabara ya mitambo ilikuwa kubwa kama uwanja, na mashine zilikuwa nyingi, kila moja imevalishwa nailoni mpaka shingoni. Fundi Baridi aliinua nailoni moja kwa kidole, akapitisha kitambaa. Kilitoka cheupe. Akajaribu ya pili. Cheupe. Akamtazama binti yake kwa macho ya daktari aliyekwisha kujua jibu.

"Mnazitunza sana," alisema.

"Sana," alisema yule dada kwa fahari.

"Mnazificha asizione nani?"

Bisibisi aliona afadhali aulize la kwake. "Samahani dada, nikiharibu mashine, inakuwaje?"

"Uharibu vipi?"

"Vyovyote. Nivunje kitu."

"Haiwezekani," alisema yule dada, akitabasamu kama anayetoa habari njema. "Hutaigusa."

Walipotoka langoni Chuo Kikubwa kilikuwa kimekwisha kufa mioyoni mwao, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wake baba na binti walikuwa wanaafikiana kuhusu jambo. Hali hiyo ilidumu mpaka siku iliyofuata.

Siku iliyofuata walikwenda kwenye kile chuo cha nyuma ya soko. Hata kabla ya kufika getini Fundi Baridi alisimama, pua juu.

"Unasikia?"

"Nini?"

"Oili." Alitamka neno hilo kama jina la mchumba wa zamani. Akaifuata ile harufu, akapita mapokezi bila kusalimia, akazunguka nyuma ya majengo, na Bisibisi akimfuata mbio mbio. Huko nyuma palikuwa na banda refu la bati. Ndani yake watu wenye ovaroli walikuwa wamelala chini ya basi, wengine wametumbukia nusu kwenye injini, nyundo zinalia, matusi yanaruka. Sakafu ilikuwa nyeusi, inang'aa. Fundi Baridi alichomoa kitambaa, akapangusa kitu cha kwanza alichokifikia. Kilitoka cheusi tii. Akakiinua juu kwa mikono miwili akamwonyesha binti yake.

"Chuo ndiyo hiki! Mambo ya zulia sijui nini!"

Mkuu wa banda alikuwa mzee mwenye tumbo na ovaroli isiyofungika, wote walimwita Grisi. Aliuliza wageni wanataka nini. Fundi Baridi akasema wamekuja kuangalia, ila ile rejeta ya kupozea injini wanaifunga kichwa chini. Grisi akasema haijafungwa kichwa chini, na kama mgeni anajua sana, ashuke aonyeshe. Hapakuwa na haja ya kusema zaidi. Kufumba na kufumbua Fundi Baridi alikuwa mgongo chini, miguu nje, na sauti yake ikitoka uvunguni mwa basi:

"Bisi! Mulika!"

Bisibisi alimulika kwa muda wa heshima. Kisha akaiegemeza tochi juu ya pipa, ikaendelea kumulika vizuri tu bila yeye, akaenda kutafuta maji ya kunywa.

Kwenye kantini alimkuta dada mmoja mwenye rula ndefu na vitabu, anakunywa soda.

"Habari dada. Unasoma uhandisi?"

"Mwaka wa tatu, mitambo. Karibu kwenye mateso."

"Karakana yenu nimeipenda sana."

"Karakana ipi?"

"Ile ya nyuma, yenye mabasi."

Yule dada alicheka mpaka soda ikamtokea puani. "Ile? Ile ni gereji ya magari ya chuo, mdogo wangu! Wale ni mafundi walioajiriwa. Sisi tukikanyaga pale tunafukuzwa kama kuku. Miaka yote hii naijua kwa harufu tu."

"Sasa ya wanafunzi iko wapi?"

Yule dada alimpeleka mpaka kwenye mlango wenye kufuli na dirisha lenye vumbi. Ndani palikuwa na mashine moja ya kuchongea chuma, peke yake katikati ya chumba, kama maiti inayoangaliwa.

"Tunaigusa kwa zamu," alisema. "Zamu yangu ilikuwa muhula uliopita. Umeme ukakatika."

Bisibisi alirudi gereji akiwa na maneno yake tayari mdomoni. Lakini alimkuta baba yake amesimama katikati ya mafundi, uso umepakaa oili, amevalishwa ovaroli yenye jina la chuo mgongoni, na basi linanguruma. Grisi alikuwa anampigapiga begani. Fundi Baridi alikuwa anacheka meno yote nje, cheko ambalo Bisibisi hakukumbuka kuliona hata kwenye picha ya harusi. Akayameza yale maneno.

Njia nzima baba hakuivua ile ovaroli. Alimwambia fundi viatu. Alimwambia muuza mkaa. Alimwambia mtu aliyekuwa anapita na baiskeli na hata hakupunguza mwendo: "Chuo tumepata!"

Ilibidi Bisibisi aseme mezani, wali ukiwa bado unafuka.

"Baba, lile banda ni gereji. Wanafunzi hawaingii."

"Nani kasema?"

"Mwanafunzi."

"Labda ni mvivu."

"Wana mashine moja, baba. Imefungiwa chumbani. Wanaigusa kwa zamu."

"Wewe utaingia gereji. Mimi na Grisi tumekwisha kuelewana. Na Jumamosi nimemwahidi nitapita tumalizie breki za lile basi la pili."

Mama aliweka kijiko chini. "Ngoja kwanza. Ni nani hapa anayekwenda chuo?"

Fundi Baridi alijitia kutafuta chumvi, nayo ilikuwa mbele yake. Ukweli ni kwamba alijifunza kazi kwa kubeba mfuko wa fundi mwingine, akachomoka utotoni moja kwa moja hadi kwenye kigoda, na katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumvalisha nguo yenye jina la chuo chochote. Alipokwenda kulala aliitundika ile ovaroli msumarini, pale ilipokuwa ikitundikwa suti.

Asubuhi baba alipotoka kwenda kwa mteja, Bisibisi alikaa kwenye kigoda, akachukua simu. Simu ya karakana ilikuwa kazi yake. Mteja akipiga kusema friji haipoi, alimwambia aiweke simu nyuma ya friji, anyamaze, na mara nyingi kwa mlio tu alijua fundi aende na kifaa gani. Masikio yake baba aliyaamini. Mikono ndiyo hakuiamini. Akatafuta namba ya kile chuo cha mwisho wa barabara, akapiga. Ofisi ikamsukuma kwenye ofisi nyingine, hiyo nyingine ikamwambia asubiri, akasubiri, mpaka ikapokelewa na mwanaume anayepiga kelele.

"Nani?"

"Shikamoo. Naulizia karakana ya uhandisi wa mitambo."

"Unaongea nayo!"

"Nataka kuomba nafasi. Wanafunzi wanaruhusiwa kugusa mashine?"

"Binti, siku wakiacha kugusa ndiyo siku nitakayopumzika!"

"Na mwanafunzi akivunja kitu, inakuwaje?"

"Subiri."

Mkonga wa simu uliwekwa chini, kwa kishindo, lakini simu haikukatwa. Bisibisi akabana simu sikioni. Alisikia mashine ikizunguka, mlio wake unapanda, unapanda zaidi kuliko unavyotakiwa, akajikuta anasema peke yake, "Punguza, punguza." Hakuna aliyepunguza. Kitu kikakatika kwa sauti ya mfupa. Halafu wote kwa pamoja:

"Nani kavunja?"

"Si mimi, ni huyu kasukuma!"

"Nimesukuma kwa sababu we umelala!"

"Mmevunja wote!" Sauti ilikuwa ya yule mwanaume. "Fungueni. Na hatoki mtu kwenda kula mpaka izunguke."

Zikafuata spana, malumbano, msichana mmoja akiwaita wenzake vichwa vya nazi, nyundo, malumbano tena. Bisibisi alisahau kwamba anatumia salio la karakana. Alikaa na simu sikioni, mdomo wazi, anatabasamu ukutani, mpaka ile mashine ikakohoa, ikasita, ikaanza kuzunguka, na salio likaisha. Yule mwanaume hakuwahi kurudi kumjibu.

Siku ya mwisho ya maombi, kabla Bisibisi hajatoka, mama alimshika mkono mlangoni. "Andika unachokitaka wewe. Baba yako niachie mimi. Nimekwisha kumzoea, ni kama friji la mtumba, ukimpiga ubavuni anapoa."

Maombi yalijazwa kwenye steshenari ya mama mmoja aliyeitwa Mama Printa, chumba chembamba chenye kompyuta mbili na feni inayokatalia upande mmoja. Fundi Baridi alikuja na ovaroli yake. Injinia alikuja kama mshauri, akakaa juu ya boksi la karatasi, akaambiwa ashuke, akashuka.

Bisibisi aliandika. Baba alivaa miwani, akainama nyuma yake.

"Umekosea mpangilio," alisema. "Umeanza na kile cha porini."

"Sijakosea, baba."

"Cha Grisi umeweka cha pili."

"Ndiyo."

"Mpwa wangu," aliingilia Injinia, "hicho cha kwanza hata jina lake halienei kwenye cheti."

"Wewe cheti chako kiko wapi tukipime?" alisema Mama Printa, na Injinia akaanza kuchunguza bei za bahasha. Mama Printa akageukia kioo. "Haya, bonyeza. Namba za kuthibitisha zinakwenda kwenye simu ya mzazi."

Kitu kikatetemeka kwenye mfuko wa ovaroli. Fundi Baridi akaitoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni.

"Mzee, soma hizo namba," alisema Mama Printa. "Dirisha hili linajifunga lenyewe, na likijifunga leo halifunguki mpaka mwakani."

"Lijifunge."

Feni ilizunguka, ikakwama, ikarudi. Bisibisi aligeuza kiti. Alitaka kulia na akaona hakuna nafasi, chumba kilikuwa kimejaa watu.

"Baba, pale kwa Grisi utaniingiza nikashike nini?"

Fundi Baridi alifungua mdomo. Jibu alilokuwa nalo lilikuwa moja tu, lenye betri mbili, na yeye mwenyewe alilisikia kabla hajalitoa. Akaufunga mdomo. Akaangalia mikono ya binti yake juu ya kibao cha kuandikia, kucha safi, bila kovu wala alama ya moto, mikono ya karani. Akatoa simu.

"Nne," alisema.

Bisibisi akabonyeza nne, haraka.

"Kila Jumapili utapiga simu."

"Nitapiga."

"Tisa. Si ujumbe. Nasema simu, nisikie sauti."

"Simu."

"Sifuri. Na wavulana wa huko..."

"Baba!"

"Sifuri nimekwisha kusema. Saba. Grisi utamweleza wewe."

"Kwa nini mimi? Wewe ndiye rafiki yake."

"Nitamwambiaje? Nimempa neno langu."

"Mwambie Jumamosi utakwenda kama kawaida. Breki hazijui mimi nasoma wapi."

Fundi Baridi alilifikiria hilo kwa kina kuliko alivyolifikiria jambo lolote wiki ile. "Kweli," alisema. "Breki hazijui." Simu ya mteja ikaita mkononi mwake, akapokea. "Mama, friji yako imekataa kupoa tangu juzi, haitashindwa kungoja kidogo. Niko kwenye mambo ya chuo." Akakata. Akavua miwani, akaifuta kwa ubavu wa ovaroli, oili ikaenea vioo vyote, akaivaa hivyo hivyo. "Ya mwisho siioni."

Injinia akanyoosha mkono. Fundi Baridi akamkinga kwa kiwiko, akamgeuzia simu binti yake.

"Soma mwenyewe."

Ilikuwa tatu. Bisibisi aliibonyeza, na kioo kikaandika kwamba maombi yamepokelewa.

"Inafutika?" aliuliza baba.

"Haifutiki, mzee."

"Nimeuliza tu."

Majibu yalipotoka, kemia ile ya chini ya godoro ilikaribia kumponza, lakini jina lake lilikuwepo, karibu na chini ya orodha ya chuo alichokiweka cha kwanza. Fundi Baridi alisema lazima amsindikize. Walipanda mabasi mawili na pikipiki, na kwenye pikipiki alimpigia dereva kelele kuhusu sauti ya cheni yake mpaka dereva akatishia kuwashusha. Chuo kilikuwa majengo manne na vumbi. Chakula cha jioni kilikuwa kibaya, bweni linavuja, na fomu za kusajiliwa zilikuwa zimeisha.

Kesho yake wageni walipelekwa karakana. Fundi Baridi alijichanganya nao, kitambaa mfukoni, kifua mbele. Mlangoni alisimamishwa na mwanaume mfupi mwenye sauti ya kupasua sikio.

"Mzee, wewe ni mwanafunzi?"

"Mimi ni fundi."

"Basi huhitaji kufundishwa. Wazazi mwisho hapa."

Akazunguka nje, akapata dirisha lililo wazi, akaweka viwiko. Ndani, binti yake alikuwa amepewa ovaroli inayoweza kubeba wawili, ameikunja mikono ya nguo mara nyingi, na amesimamishwa mbele ya pampu iliyokwama. Yule mwanaume alimkabidhi spana.

"Ifungue."

"Yote?"

"Kwani umekuja na nusu?"

"Bisi!" Sauti ilitoka dirishani. "Anza na nati ya juu! Ya juu kwanza, mwanangu, ya juu!"

Yule mwanaume alikwenda akalifunga dirisha. Nyuma ya kioo Fundi Baridi aliendelea kusema, anaonyesha juu kwa kidole. Bisibisi aliiangalia pampu mbele, akaizunguka nyuma, akapiga goti, na akaanza na ya chini.